Land Rover Series III kwenye mnada wa mtandaoni: nikague nini kabla ya kuweka dau?

KilimoNjoro (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Kuna Land Rover Series III, 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), pikapu ya petroli, imetangazwa kwenye mnada wa mtandaoni. Gari liko yadi Nairobi na mnada unafungwa Alhamisi ijayo saa mbili usiku. Tangazo linasema ni la 1976, lilikuwa la shamba upande wa Naivasha, injini inawaka, logibuku (hati ya umiliki) ipo. Wameweka picha kumi na mbili, zote za juu, hakuna hata moja ya chini ya gari. Namba zake ni za KA na zina herufi mwishoni.

Masharti yao: unalipa amana kwanza ndipo ufunguliwe kuweka dau. Komisheni ya mnunuzi ni asilimia 10 ya bei ya mwisho, na VAT juu ya komisheni. Gari linauzwa lilivyo, mahali lilipo.

Bajeti yangu yote ni milioni moja, gari likiwa limefika Njoro na linatembea kihalali. Naomba kujua: kuna haja ya kwenda Nairobi kuliona au niombe picha zaidi? Nianze kukagua wapi? Na dau liishie wapi? Pia naona Uingereza ziko nyingi kwenye minada yao, zingine safi kuliko hii. Kuna anayejua kama inawezekana kuleta moja?

---

LogibukuKwanza (Kisumu)

Ndugu, anza na karatasi kabla ya kuomba picha hata moja, kwa sababu tangazo lako lina jambo ambalo halijakaa sawa.

Namba za KA zenye herufi mwishoni zilianza 1989. Gari la 1976 lililosajiliwa Kenya likiwa jipya lingekuwa na namba za zamani: herufi tatu, tarakimu, basi. Kama hili lina herufi mwishoni, lilipewa namba hiyo miaka kumi na tatu au zaidi baada ya kutengenezwa. Sababu halali zipo. Gari la serikali lililokuwa na namba za GK likiuzwa hupewa namba za kiraia. Gari la jeshi vilevile, na lililoingizwa nchini baadaye. Sababu isiyo halali ni moja, nayo ndiyo ya kuogopa: karatasi ni za gari jingine. Wakidai ni gari la shamba tangu jipya, hiyo haiendi pamoja na namba ya KA. Muulize mnadi kwa maandishi ilisajiliwa mara ya kwanza lini na kwa namba gani.

Pili, omba picha ya namba ya chesisi. Achana na kibati kilichopigwa ribiti, hicho hubadilishwa kwa dakika chache. Nataka ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, kwenye kishikizo cha springi. Mara nyingi iko chini ya rangi na tope, kwa hiyo mtu aisugue kwa brashi ya waya, apake chaki, apige picha kwa karibu. Series III za kabla ya mwisho wa miaka ya 70 zina namba fupi: tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za kwanza zinataja aina ya gari, yaani kama ni 88 au 109, na kama usukani uko kulia. Zile namba ndefu za herufi na tarakimu 17 zinazoanza na SALL zilikuja baadaye. Gari la 1976 lenye namba ya 17 kwenye logibuku si la 1976, au logibuku si yake.

Kama chesisi ilibadilishwa na kuwekwa mpya, huenda haina namba kabisa. Hapo muuzaji aonyeshe karatasi za mabadiliko hayo. Asipokuwa nazo, unanunua kesi.

Tatu, tafuta rekodi ya gari NTSA (mamlaka ya usafiri inayosajili magari) kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Ni ada ndogo tu. Linganisha jina la mmiliki, namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, aina ya bodi. Halafu angalia jina lenyewe:

Likiwa jina la marehemu, anayeuza awe na hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Barua ya chifu haitoshi, na kukubaliana kwa ndugu hakutoshi. Hii ndiyo inayokwamisha Land Rover nyingi za mashamba ya Rongai, Molo na Trans Nzoia, kwa sababu gari liliendelea kutumika miaka mingi baada ya mzee kufariki na hakuna aliyejisumbua na karatasi.

Likiwa jina la kampuni, utahitaji azimio la wakurugenzi na CR12 ya karibuni, yaani hati rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kampuni iliyofungwa zamani ni shida kubwa kuliko marehemu.

Benki ikiwa kwenye logibuku pamoja na mmiliki, deni lifutwe kwanza. Na hata benki isipoonekana, tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika kuna rejista ya kielektroniki ya dhamana. Tafuta humo kwa utambulisho wa mmiliki.

Uhamisho wenyewe unaanzia kwenye akaunti ya muuzaji: yeye anaanzisha, wewe unakubali kwenye akaunti yako, ada inalipwa. Bila yeye huendi popote. Kwa hiyo swali la kumwuliza mnadi ni hili: nani ataanzisha uhamisho, na siku ngapi baada ya malipo? Sheria ya Trafiki inakupa siku 14. Baada ya hapo hutakiwi kulitumia gari barabarani kama jina halijabadilika.

Mwisho kwa upande huu, hakikisha mnadi ana leseni ya Bodi ya Leseni za Wanadi. Mitandao mingine inajiita minada lakini ni ubao wa matangazo tu, na mkataba wako unakuwa na muuzaji usiyemjua. Pesa ziende akaunti ya benki yenye jina la kampuni iliyo kwenye masharti. Mtu akikwambia utume amana kwa namba ya simu ya mtu binafsi, funga ukurasa.

---

Chesisi109 (Nakuru)

Naunga mkono yote hapo juu. Sasa chuma.

Nenda ukalione, au utume fundi anayezijua hizi gari. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, nauli ya matatu na siku moja. Ukilinganisha na bei ya chesisi ya 109, hiyo si gharama. Mnadi anayekataa gari lisikaguliwe ameshakujibu.

Watu hudanganywa na bodi. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haili kutu kama bati, kwa hiyo gari huweza kung'aa juu huku chini limeoza. Vinavyooza ni chesisi na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kebini. Hivyo viwili ndivyo unavyonunua. Injini, giaboksi, viti, nyaya, vyote hupatikana na hubadilishwa na fundi yeyote mwenye akili.

Beba nyundo ndogo, bisibisi nene, tochi, sumaku, na turubai ya kulalia. Vaa nguo kuukuu. Chesisi ya Series ni boksi la chuma lililochomelewa, liko wazi ndani, na huoza kutokea ndani kuja nje. Ndiyo maana macho hayatoshi. Gonga kwa nyundo ukienda taratibu kila inchi chache. Chuma kizima hulia, sauti kavu na nyundo inaruka. Chuma kilichokwisha hutoa sauti nzito, nyundo inazama, na vumbi jekundu linadondoka usoni. Hapo weka bisibisi na usukume kwa kiganja. Ikipenya, umejua.

Mahali pa kugonga kwanza ni boriti ya nyuma, hasa upande wake wa chini na pale inapoungana na reli mbili za chesisi. Tope la magurudumu hukaa hapo. Kisha mikono ya pembeni inayobeba ule ukuta wa kebini, na mkono unaoshika tangi la mafuta. Kisha zile pembe mbili za mbele zinazoshika springi, gonga chini yake. Kisha vishikizo vya springi za nyuma. Reli zikiwa nzima na kilichooza ni mikono ya pembeni na boriti ya nyuma pekee, hilo gari linafaa: vipande hivyo huuzwa vikiwa tayari, na mtu wa kuchomelea anayejua kazi anavibadilisha. Reli yenyewe ikiwa imeoza juu ya ekseli ya nyuma, pale inapopinda, achana nalo au lihesabu kama spea.

Angalia sana viraka. Bati lililochomelewa juu ya bati jingine, likapakwa lami nyeusi nene na mpya, limefichwa kwa sababu. Lami ya zamani ina vumbi na nyufa. Lami inayonuka siku ya mnada ilipakwa kwa ajili ya mnada.

Kwenye ukuta wa kebini, inua mkeka ukague mahali pa kuwekea miguu, pande zote mbili. Halafu chini ya nguzo za milango, pale bawaba ya chini inapofungwa, na pembe za juu karibu na vile vifuniko vya kuingizia hewa. Fungua mlango uunyanyue kwa mkono. Ukicheza pamoja na nguzo, nguzo imekwisha. Ukicheza wenyewe, ni bawaba tu. Sumaku ni ya hapa pia: pale panapotakiwa kuwa chuma na sumaku haishiki, kuna fila, ile plasta ya kuzibia mashimo.

Gari limefanya kazi wapi ni jambo la maana. Lililokaa Pwani lina chumvi ya bahari. Lililobeba magadi ni baya zaidi. La mashamba ya maua Naivasha, uliza lilibeba nini: mbolea na dawa za kunyunyizia zikimwagika nyuma hupita kwenye mishono ya bodi zikakaa juu ya chesisi. La majani chai Kericho na la miwa Muhoroni au Mumias, tatizo ni tope lisilokauka lililojaa nyuma ya ekseli. La ukame wa juu Laikipia huwa zima kuliko yote, ingawa springi zake zimechoka.

Kuna kitu kimoja ambacho karibu kila mtu hukisahau. Ndani ya boriti ya mbele ya chesisi kuna rilei ya stelingi, silinda iliyosimama wima. Ikikosa oili huganda, na kuing'oa kwenye boriti iliyoshika kutu ni kazi inayoweza kula siku nzima na moto wa gesi. Zungusha usukani gari likiwa limesimama kwenye jeki. Ukiwa mgumu hata magurudumu yakiwa hewani, ni hiyo.

Ekseli ya nyuma ya 109 ya 1976 inatakiwa kuwa Salisbury, ile nzito yenye kifuniko cha bolti nyuma ya difu. Ukikuta ile ya mviringo isiyo na kifuniko nyuma, mtu aliiuza nzuri akaweka ya 88. Hafushafti za ile nyepesi hukatika ukibeba mzigo.

---

FundiKibos (Kisumu)

Chesisi109 amesema vizuri, ila hapo kwenye "fundi yeyote mwenye akili" napingana naye. Giaboksi ya Series III ikiwa mbaya si kazi ya fundi yeyote, na vifaa vyake vizuri ni ghali. Mtu mwenye milioni moja asiipuuze.

Fanya hivi ukiruhusiwa kuliwasha. Kwanza shika boneti na radiata kabla halijawashwa. Vikiwa vya moto, waliliwasha kabla hujafika ili lisikusumbue mbele yako. Ondoka, urudi likiwa limepoa. Fungua kifuniko cha oili juu ya injini: ute mweupe kama maziwa yaliyoganda ni maji kwenye oili. Gari lililokaa muda mrefu huwa na ute kidogo kwa sababu ya unyevu, kwa hiyo vuta pia kijiti cha oili. Ute ukiwa mpaka kwenye kijiti, ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe.

Pima kompresheni ya silinda zote nne, injini ikiwa moto, plagi zote zimetolewa na akselereta imekanyagwa hadi mwisho. Hapa watu wengi hukosea kusoma. Namba ya kitabu kwa injini yenye uwiano wa kompresheni wa 8 kwa 1 ni kama psi 160, lakini hiyo ni ya usawa wa bahari. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi na Nairobi haiko mbali na hapo. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini nzima kabisa itakupa 130 hivi. Usiikatae kwa sababu hiyo. Kinachohesabika ni tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikiwa 125 na moja 90, una valvu au ringi. Mwaga kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena: ikipanda sana ni ringi, isipopanda ni valvu. Valvu ni nafuu.

Injini ikiyumba ikiwa kwenye mwendo wa chini, angalia kabureta. Zile za asili za Zenith, kifuniko cha juu hupinda na kuvuta hewa. Hilo si la kukutisha, ni la kupunguza dau tu.

Giaboksi: Series III ina sinkro, inayofanya gia ziingie bila kusaga, kwenye gia zote nne za mbele. Ukisikia inasaga ukiingiza ya pili kwa utulivu, sinkro imekwisha. Ukiachia akselereta kwenye mteremko na gia ya pili au ya tatu ikaruka yenyewe, ni kazi ya kuifungua yote. Bonyeza kile kitufe cha njano cha magurudumu manne, kisha simamisha gari uvute kile kijiti chekundu cha gia ndogo. Kitufe cha njano kisiposhuka au kijiti kikikataa, kimekaa bila kutumika na kimeganda. Mara nyingi hulegea kwa kusafishwa, lakini usinunue kwa matumaini hayo.

Kwenye magurudumu ya mbele, nyuma ya tairi, kuna zile tufe mbili za kromu. Zipanguse grisi uzione. Kromu ikiwa na vishimo, sili mpya haitadumu, itakatwa na oili itavuja mwezi huohuo. Oili kuvuja hapa na pale ni kawaida ya gari hili. Oili kukauka kabisa kila mahali ni mbaya zaidi, maana yake hakuna iliyobaki.

Na soma namba ya injini, mbele ya bloku karibu na manifoldi ya egzosi. Hapa kwetu nyingi zimewekwa injini za dizeli za Toyota, Nissan au Isuzu, na ni sawa kwa kazi ya shamba, ila namba lazima iwe imebadilishwa NTSA. Isipolingana na logibuku, uhamisho unaweza kukwama hapo.

---

KilimoNjoro (Nakuru)

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimewaandikia mnadi. Wamejibu hivi: namba ya chesisi ni tarakimu nane na herufi, wametuma picha, inasomeka vizuri na inalingana na rekodi ya NTSA. Lilikuwa gari la serikali, likauzwa, likanunuliwa na kampuni ya shamba Naivasha, ndiyo sababu ya namba za KA. Logibuku iko kwa jina la kampuni hiyo, na wanasema azimio na CR12 vipo. Nitakwenda Jumatatu na fundi.

Sasa tusaidiane hesabu. Lilianza kwa laki tatu na nusu, sasa liko laki tano na ishirini, na wameandika kwamba bei ya chini ya muuzaji haijafikiwa.

---

MamaMizani (Eldoret)

Hesabu ianzie mwisho irudi nyuma. Una 1,000,000 yote. Toa kwanza vitu ambavyo havitegemei dau:

Lori la kubeba gari kutoka Nairobi hadi Njoro, weka 40,000 mpaka upate bei ya maandishi. Uhamisho, utafutaji wa rekodi na safari ya ukaguzi, weka 10,000. Matengenezo ya lazima kabla halijaingia barabarani, weka 200,000, na namba hii uibadilishe Jumatatu jioni kulingana na atakachosema fundi. Inabaki 750,000.

Hiyo 750,000 si dau lako. Komisheni ni asilimia 10, na VAT ya asilimia 16 ni ya komisheni, yaani asilimia 1.6 ya bei. Kwa hiyo kila shilingi unayotaja kwenye mnada unailipa shilingi moja na senti 11.6. Gawanya 750,000 kwa 1.116, unapata 672,000. Hapo ndipo mwisho. Ukisukumwa hadi 720,000, utalipa 803,520, na hizo zaidi ya 50,000 zitatoka kwenye pesa za breki.

Fundi akisema boriti ya nyuma na mikono ya pembeni vibadilishwe, na ukadirie jumla ya matengenezo ni 320,000, basi dau la mwisho ni 630,000 gawanya kwa 1.116, yaani 564,500. Andika namba hiyo kwenye karatasi kabla ya saa mbili usiku.

Namna ya kuweka dau: kama mfumo wao unakuruhusu kuweka kiwango chako cha juu kwa siri na wenyewe unakupandishia hatua kwa hatua, tumia huo. Soma masharti kama muda huongezwa dau likiingia dakika za mwisho. Minada mingi ya sasa huongeza dakika kadhaa kila mara, kwa hiyo ile mbinu ya kuvizia sekunde ya mwisho haina kazi, inakuongezea tu hatari ya mtandao kukatika. Weka namba isiyo ya mviringo, 671,500 badala ya 670,000, kwa sababu wengi husimama kwenye namba za mviringo.

Bei ya chini kutofikiwa si jambo baya kwako. Mnada ukifungwa bila kufikiwa, mwenye dau la juu mara nyingi hupigiwa simu siku ya pili. Ukipigiwa, rudia namba yako ileile na orodha ya kasoro za fundi. Hapo ukaguzi wako unakuwa na thamani kuliko wakati wa mnada, kwa sababu muuzaji ameshaona soko lilisimama wapi.

Kisheria mnada unakamilika nyundo ikigongwa, na kabla ya hapo mwenye dau anaweza kuliondoa. Lakini soma masharti ya amana, kwa sababu ndiyo yanayoeleza utapoteza nini ukirudi nyuma. Muuzaji naye haruhusiwi kujipandishia bei mwenyewe isipokuwa ametangaza kwamba amejiwekea haki hiyo. Tafuta mstari huo kwenye masharti.

Malipo: M-Pesa haitoshi kwa kiasi hiki, kikomo ni 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku. PesaLink, ya kutuma pesa benki kwa benki, huishia 999,999. Ongea na benki yako Jumatano, si Ijumaa, kwa sababu yadi nyingi huanza kutoza ada ya kuhifadhi gari baada ya siku chache.

Bima ya mtu wa tatu utapata bila shida. Bima kubwa kwa gari la umri huu, kampuni nyingi zitataka ripoti ya mthamini na mkubaliane thamani kwanza. Na kwa kuwa ni pikapu, angalia kama imesajiliwa kama ya biashara, maana za biashara hukaguliwa kila mwaka. Ukaguzi wa NTSA unafanyika Nakuru hapohapo.

---

BandariLolwe (Kisumu)

La Uingereza nitalijibu kwa ufupi, dada ameshamaliza hesabu. Kiwango cha KEBS (shirika la viwango la Kenya), KS 1515, hakiruhusu gari lililotumika lenye umri zaidi ya miaka minane kuingizwa, na gari la 1976 liko mbali sana na hapo hata usukani ukiwa kulia. Mtu yeyote akikwambia ana njia yake, usiweke dau kabla hujapata jibu la maandishi kutoka KEBS na KRA, mamlaka ya mapato. Gari likikwama bandarini, ada za kuhifadhi hazikungojei.

Minada ya kule itumie kwa spea. Boriti ya nyuma, mikono ya pembeni, hata paneli za miguu za ule ukuta, hupatikana huko zikiwa mpya, zingine zimepakwa zinki kwa kuzamishwa. Kumbuka ushuru huhesabiwa juu ya bei, bima na usafiri kwa pamoja, kwa hiyo chuma kizito cha bei rahisi kinaweza kufika kikiwa ghali. Na angalia saa: mnada unaofungwa saa mbili usiku London hufungwa saa nne usiku Nakuru kipindi cha kiangazi chao, lakini baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba unakuwa saa tano.

---

Chesisi109 (Nakuru)

Nakubaliana na FundiKibos kuhusu giaboksi.

KilimoNjoro, ukilipata, usiliendeshe kuja nyumbani, hata muuzaji akikuapia. Breki zake ni za ngoma mbele na nyuma, na silinda ndogo za magurudumu hushika kutu gari likikaa. Zinaweza kushika vizuri ndani ya yadi halafu zikakwisha kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Lilete juu ya lori. Mwambie dereva afunge mikanda kwenye ekseli. Asiifunge kwenye vishikizo vya springi wala boriti ya nyuma mpaka iwe imegongwa na kuthibitishwa nzima. Bodi ya 109 ina urefu wa karibu mita nne na nusu, kwa hiyo uliza urefu wa lori kabla halijatoka.

Yadi wakilisukuma au kulivuta mwendo mfupi, gia ndogo iwe katikati. Kabla ya kuondoka hakikisha umepewa ufunguo, logibuku halisi, azimio la wakurugenzi lenye namba ya chesisi ileile iliyogongwa kwenye chuma, na risiti inayotenganisha bei, komisheni na VAT. Gurudumu la akiba liwe lile la inchi 16. Tairi za 7.50 bado zinapatikana madukani Nakuru kwa sababu malori madogo hutumia saizi hiyo.